Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi ili upumzike

Siku niliyojua nimekwisha, nilishukia Segerea. Nilikuwa nakaa Tabata Bima, na hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki moja kupitiliza kituo nikiwa macho makavu. Nilikuwa na miaka kumi na nusu kwenye ukaguzi wa hesabu. Januari hadi Juni huoni jua kwa sababu ya vitabu vya wateja na ritani za kodi, Julai unapewa mteja mwingine. Barua pepe ya mistari mitatu nilikuwa naisoma mara nne na bado sijui mtu anataka nini.

Nilikaa nje ya kazi miezi minane, kwetu Lushoto. Wanaoniuliza nilifanyaje wote huanza na akiba. Akiba nitaifikia, lakini haikuwa ndiyo sehemu ngumu.

Anza kwa daktari, na uende ukiwa bado mwajiriwa. Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu huu wa kazi, kwa Kiingereza burnout, kama hali itokanayo na kazi, haliuiti ugonjwa. Ila yapo magonjwa yanayofanana nao sana: sonona, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo. Ukikutwa na ugonjwa na ukawa na cheti cha daktari, sheria ya ajira ya Tanzania inakupa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Rafiki yangu alikutwa na sonona, akatibiwa huku mshahara unaingia. Mimi damu ilikuwa chini kidogo, nikameza vidonge mwezi mzima, damu ikapanda na uchovu ukabaki palepale. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni kazi.

Kisha zungumza na mwajiri. Likizo bila malipo ni makubaliano, hawalazimiki kukupa. Mimi niliomba miezi sita, wakanipa mitatu, na mdomoni wakaongeza "ila tukikuhitaji tutakupigia". Nikaandika barua ya kuacha kazi. Wewe ukikubaliwa, hakikisha maandishi yanataja tarehe ya kurudi, cheo utakachorudia na bima ya afya itakuwaje. Ukiacha kabisa, kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, lakini soma mkataba wako, huenda unadai zaidi. Dai malipo ya siku za likizo ulizolimbikiza na cheti cha utumishi kabla hujarudisha kitambulisho. Usitegemee fao la kukosa ajira la NSSF, halimhusu aliyeacha mwenyewe. Michango uliyokwisha kuweka haipotei. Mimi nina miezi 126 kati ya 180 inayotakiwa kwa pensheni ya uzee, na imenisubiri.

Madeni. Mkopo uliochukua benki kwa dhamana ya mshahara umalize kwanza, hata kama itabidi uahirishe kupumzika. Wa SACCOS ndio mbaya zaidi, kwa sababu usipolipa wanakwenda kwa wadhamini wako, yaani wenzako wawili wa ofisini ambao nao wamechoka kama wewe.

Sasa akiba. Nilikusanya shilingi 6,500,000 kwa miezi kumi na minne. Dar nilikuwa natumia kama 1,400,000 kwa mwezi. Lushoto, pamoja na mchango wangu jikoni kwa mama, 380,000. Kwa hiyo miezi minane ilihitaji 3,040,000. Halafu nikafungia 2,100,000 kwenye akaunti isiyo na kadi. Hiyo ni ya kurudi: kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba ataidai mkononi, nauli za usaili, nguo ya heshima. Watu wengi hula mpaka shilingi ya mwisho, kisha wanakubali kazi ya kwanza inayotokea, na mara nyingi ni ileile iliyowaumiza. Iliyobaki, 1,360,000, ilikuwa ya dharura. Nitasema ilikwendaje.

Sehemu ngumu ni watu. Mshahara wangu haukuwa wangu peke yangu: mama, ada ya chuo ya mdogo wangu, kikundi cha VICOBA, na kadi za michango ya harusi zinazoingia kwenye simu kila wiki. Kwenye VICOBA nilingoja tuvunje mzunguko ndipo nikatoka. Kwenye makundi ya harusi niliandika ujumbe mmoja: "Kwa sasa sina kipato, nitashiriki kwa kuosha vyombo." Wawili walicheka, mmoja aliniondoa kwenye kundi, na kweli nikaosha vyombo harusi mbili.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama siku niliyofika na mabegi.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Nimeacha mwenyewe."

Akaipua chai, akamimina, akakaa. "Mtu haachi kazi, mwanangu. Sema tu ulichofanya."

Jumapili mjomba akaja na jina la mtu wa kunitazama, kwa kuwa huenda ofisini kuna jicho. Mdogo wangu hakunipigia mwezi mzima; alijua habari za ada yake kwa majirani. Hilo bado linaniuma.

Aliyeniokoa ni shangazi, anayefuga. Alimwambia mama mbele yangu: "Ng'ombe wa maziwa tunamkausha miezi miwili kabla hajazaa, hatumkamui hata kikombe. Huyu mmemkamua miaka kumi." Mama hakujibu, lakini tangu siku hiyo majirani waliambiwa niko likizo. Kwa hiyo: kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote, mtafute yule ambaye neno lake linasikilizwa kwenu, kaa naye ana kwa ana, miezi sita kabla. Anayekutegemea kwa ada au dawa umwambie mapema hivyohivyo, na umtajie tarehe ambayo hela itakoma.

Wiki tatu za kwanza nililala. Julai Lushoto ni baridi na ukungu, blanketi mbili, hakuna anayekushangaa. Ofisini niliwaachia makabidhiano ya kurasa kumi na nne na saa moja ya maswali: Ijumaa saa nne asubuhi, kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo laini waliyokuwa wakinipigia niliitoa kwenye simu.

Wiki ya tano nikaharibu. Ukionekana huna kazi, kila mtu ana biashara ya kukushauri, na tisa kati ya kumi ni kuku. Nikanunua vifaranga mia wa nyama, chakula, mabati ya banda. Usiku wa nne jiko la mkaa likazima wakati nimelala. Asubuhi arobaini na moja walikuwa wamerundikana kona moja, wamekufa kwa baridi. Shilingi 480,000 za dharura zikaenda. Lakini kilichonishtua ni kwamba nilikuwa nimefungua daftari la safu kumi na mbili, naamka saa tisa usiku kupima joto, nagombana na muuza pumba. Nilikuwa nimejiajiri kwenye kazi ileile niliyoikimbia. Waliobaki niliwauza kwa jirani. Kwa miezi mitatu ya mwanzo usianzishe chochote chenye faida na hasara. Mimi nilibaki kuchuma plamu, kuteremka Soni siku ya gulio, na kwenda Irente kwa miguu na kurudi.

Mwezi wa sita wa mapumziko nilijikuta kwenye duka la binamu yangu namwonyesha kwa nini daftari lake la mikopo haliwiani, na nikashtuka kuona saa mbili zimepita na kichwa hakiumi. Mwezi uliofuata nikaanza kutuma maombi ya kazi.

Kwenye usaili watakuuliza ulikuwa wapi katikati hapa. Usitunge kampuni ya ushauri. Nilijibu: "Nilifanya ukaguzi miaka kumi na nusu bila kupumzika vizuri. Nikaweka akiba, nikapumzika miezi minane. Sasa niko tayari." Mzee mmoja aliandika kitu, akaniuliza, "Na ukichoka tena?" Nikamwambia nitasema mwezi wa kwanza, sitasubiri mwaka wa kumi.

Kazi niko Tanga mjini, mshahara umepungua kwa karibu theluthi. Mwezi uliopita mdogo wangu amepiga, kaomba hela ya intaneti. Nimemtumia nusu.