Ukungu kwenye kucha: jinsi ya kuutambua na kuupima dhidi ya dawa

Kucha nyingi zenye fangasi zimeshambuliwa na dermatofaiti (fangasi wanaokula ngozi, nywele na kucha), hasa Trichophyton rubrum. Lakini zipo zinazoharibiwa na ukungu ule ule wa udongoni na hewani: Fusarium, Scopulariopsis brevicaulis, Aspergillus, Neoscytalidium. Ugumu uko hapo, maana ukungu huo hutua kwenye sahani zetu za kuoteshea maabara hata bila mgonjwa. Thibitisha kwanza kuwa ndio chanzo; mambo ya dawa yatafuata.

Hatua ya 1: Sampuli. Futa ukucha kwa alkoholi ya 70%, uache ukauke. Kata ncha iliyolegea uitupe, kwa sababu imejaa vumbi. Kwangua unga ulio chini ya ukucha, karibu kabisa na mpaka wa sehemu nzima.

Hatua ya 2: Darubini. Loweka kwenye potasiamu haidroksaidi ya 20% mpaka ukucha ulainike. Usiharakishe. Nyuzi zilizopindapinda, zenye unene usiolingana, zinakudokeza ukungu.

Hatua ya 3: Otesha. Tumia agari ya Sabouraud (chakula kigumu cha kuoteshea fangasi) yenye kloramfenikoli ya kuzuia bakteria, sahani moja ikiwa na saikloheksimaidi na nyingine bila. Saikloheksimaidi huzuia ukungu mwingi, kwa hiyo ukitegemea sahani hiyo peke yake utaandika "hakuna kilichoota" wakati mgonjwa anaumwa. Panda vipande 15 hadi 20 kwa kuachanisha, kwenye joto la 25 hadi 30°C, hadi wiki 4. Kisha geuza sahani uitazame kwa chini: ukungu umeanzia kwenye kipande, au umechipuka kando, pasipo na ukucha? Wa kando usiuhesabu.

Hatua ya 4: Rudia. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na inaniuma, kwa sababu mgonjwa ndiye anayemeza vidonge kwa miezi. Chukua sampuli nyingine siku tofauti. Ukungu ule ule ukirudi, darubini ikionyesha nyuzi, na dermatofaiti isiote, hapo una ushahidi.

Hatua ya 5: Tambua. Gusisha utepe wa gundi juu ya koloni, uubandike kwenye tone la bluu ya laktofenoli. Spora zilizopinda kama mundu ni za Fusarium. Minyororo ya spora zenye ngozi ya kukwaruza na kitako bapa, koloni ikiwa kahawia hafifu, ni Scopulariopsis. Neoscytalidium hufunika sahani kwa siku chache na kugeuka kijivu hadi nyeusi. Ukitaka spishi, soma DNA: kipande cha DNA kiitwacho ITS, kinachosomwa kwa kawaida, hakitoshi kutenganisha spishi nyingi za Fusarium, zisomee jeni ya TEF1, Aspergillus isomee jeni ya kalmodulini au beta-tubulini.

Hatua ya 6: Pima dawa. Fuata CLSI M38, mwongozo wa kupima dawa dhidi ya ukungu: chakula cha majimaji cha RPMI 1640, joto la 35°C. Tikisa spora kwenye maji, acha mabonge yatulie dakika chache, chukua maji ya juu. Weka Candida parapsilosis ATCC 22019, chachu yenye majibu yanayojulikana, kama kidhibiti. Fusarium na Aspergillus husomwa baada ya saa 48 hivi. Kwa itrakonazoli na vorikonazoli, anzia kwenye dawa kidogo kwenda nyingi, utafute kisima (kishimo cha sahani ya kupimia) cha kwanza kisicho na ukuaji wowote. Flukonazoli usipoteze nayo muda, haiudhibiti ukungu huu. Usishangae Fusarium na Scopulariopsis zikiota kwenye itrakonazoli nyingi.

Kwenye ripoti andika namba uliyoisoma, yaani kiasi cha dawa kwenye kisima hicho, na matokeo ya darubini ya sampuli zote. Neno "sugu" usiliandike kwa kubahatisha: ukungu wa kucha hauna mipaka iliyokubaliwa ya kuutenganisha unaotibika na usiotibika, na daktari anastahili kulijua hilo kabla ya kuchagua dawa.