Namna ya Kuisikiliza Bendi Iliyokatika Mapema

Kabla ya kujiuliza bendi ingefika wapi, bainisha kwanza kilichoikatiza, kwa kuwa kifo, ugomvi wa fedha na kuhamwa na wanamuziki haviachi pengo la namna moja. Chukua Super Volcano, bendi ya Tanzania ambayo Mbaraka Mwinshehe aliianzisha mwaka 1973 baada ya kuondoka Morogoro Jazz, na ambayo haikudumu baada ya yeye kufariki katika ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979.

Zipange nyimbo kwa mfuatano wa kurekodiwa, ukianza na zile za Morogoro Jazz, kisha lifuatilie gitaa la solo peke yake: linaingia wapi, linamjibu vipi mwimbaji, na beti zikiisha linaachiwa uwanja kwa muda gani. Mwimbaji na mpiga solo alikuwa mtu yuleyule, Mbaraka, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kuajiri mrithi kusingetosha.

Halafu tafuta bendi ya kulinganisha. Cuban Marimba, ya Morogoro hiyohiyo, ilimpoteza kiongozi wake Salum Abdallah kwa ajali ya gari mwaka 1965, lakini ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Sikiliza rekodi za vipindi vyote viwili, utajua nini hubaki na nini huondoka na kiongozi.

Makisio yako yasivuke kinachosikika. Mwelekeo unaojirudia katika rekodi kadhaa unakubalika, ila usimbebeshe marehemu vinanda vya umeme vya miaka ya 1980 eti kwa sababu wenzake walivipokea.