Jinsi ya kujiandaa kuandika programu za vyombo vya anga za juu visivyo na rubani

Anza na lugha ya C, kisha C++. Python itakusaidia kuchambua data, lakini kompyuta ya chomboni huwa na kumbukumbu finyu; programu yake itenge kumbukumbu yote mwanzoni, na kila kitanzi kiwe na kikomo.

Hisabati usiikwepe, hasa matriki na kwaternioni (namba nne zinazoeleza mzunguko), maana ndizo zinazoeleza chombo kimeelekea wapi.

Kisha chukua bodi ndogo ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), weka FreeRTOS, mfumo mdogo wa uendeshaji unaopanga zamu za kazi, na uendeshe kazi tatu zenye vipaumbele tofauti. Ya juu na ya chini zitumie kufuli moja, yaani kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kwa wakati; liwe semafori ya aina ya binary, maana mutex ya FreeRTOS tayari ina tiba ya hitilafu utakayoiona. Ya kati ifanye hesabu ndefu bila kufuli. Punde utaona ya juu imekwama: ya chini imeshika kufuli, na ya kati inainyima prosesa. Hitilafu hiyo hiyo iliifanya Mars Pathfinder, chombo cha NASA kilichotua Mirihi, ijiwashe upya mara kwa mara mwaka 1997. Tiba yake ni kurithisha kipaumbele: kazi iliyoshika kufuli hupewa kwa muda kipaumbele cha ile ya juu inayoisubiri. Zoezi hili usiliruke hata kidogo.

Ukilimaliza, pakua F Prime, mfumo wa NASA wa kujengea programu za vyombo, iliyoendesha helikopta Ingenuity kwenye Mirihi. Msimbo wake uko wazi, usome.

Jaribu thamani za kupindukia. Mwaka 1996 roketi ya Ulaya Ariane 5 iliteketea takriban sekunde 40 baada ya kuruka, kwa sababu namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye biti 16. Vipimo navyo viandike ndani ya jina la kigeu: `msukumo_newtoni`, si `msukumo` tu.