Pazia, Mkeka na Namba: Kusaili Waimbaji Bila Kuwaona

Mwongozo huu ni wa kwaya, vikundi vya taarabu na bendi za shule zinazotafuta waimbaji wapya. Kawaida msailiwa husimamishwa mbele ya kamati, aimbe, kisha kamati inong'onezane. Tatizo ni kwamba kabla hajafungua mdomo kamati imeshaona viatu vyake, imeshapima umri wake na imeshakumbuka ni mtoto wa nani. Wanaojua muziki hawana kinga hapo. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa video za fainali za mashindano ya piano. Walioangalia video bila sauti walimtambua mshindi vizuri kuliko waliosikiliza sauti tupu. Wanamuziki wa kulipwa nao waliangukia humo humo, ingawa wenyewe walisema kinachowaongoza ni sauti.

Dawa yake ni pazia. Okestra ya Boston ilianza kulitumia mwaka 1952, na okestra nyingine za Marekani zikafuata miaka ya 1970 na 1980. Katika okestra tano kubwa za nchi hiyo, wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 mwaka 1970. Kufikia 1997 walikuwa asilimia 25. Pazia halikuwa sababu pekee, lakini lilikuwa mojawapo. Kwetu uzito uko pengine zaidi kwenye mavazi, umri, ulemavu na jina la ukoo. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alikuwa akitembeza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay kurekodiwa kwenye santuri mwaka 1928, na waliomkejeli kwa asili yake na sura yake hawakukosekana.

Pazia lenyewe

Nunua pande moja la kitenge la yadi 6. Likate katikati upate vipande viwili vya takribani mita 2.7, uviunganishe kwa cherehani ubavu kwa ubavu kwa urefu. Utapata pazia la upana wa mita 2.7 na kimo cha kama mita 2.2, linalomficha hata mtu mrefu. Tundika kwa kamba ya manila iliyokazwa sana. Kamba ikilegea katikati, vichwa vitaonekana. Usitumie blanketi wala turubai. Vitambaa vizito hunyonya sauti za juu, na konsonanti kama "s" na "t" zinafifia hadi mwimbaji mwenye matamshi safi anasikika kama ana pamba mdomoni.

Kosa linalojirudia ni kivuli. Dirisha likiwa nyuma ya msailiwa, pazia linageuka skrini ya sinema: majaji wanaona umbo zima, kilemba, hata gongo la kutembelea. Kwa hiyo mwanga uwe upande wa majaji, na madirisha ya upande wa msailiwa yafungwe. Mtu mmoja asimame nyuma ya pazia na kupunga mkono wakati mwingine amekaa kwenye kiti cha jaji. Mkono ukionekana, ongeza kitambaa cha pili.

Msailiwa asimame mita 1 nyuma ya pazia, mahali palipowekwa alama ya utepe sakafuni. Majaji wakae mita 4 upande wa pili. Chumba kiwe na mlango upande wa msailiwa. Kama mlango ni mmoja tu, majaji wageuzie migongo kila mtu anapoingia. Maikrofoni usiweke. Inampendelea aliyezoea kuishika, na hicho sicho unachopima.

Kisha ziba njia ndogo ndogo. Tandika mkeka kuanzia mlangoni hadi kwenye alama, na kila mtu avue viatu nje, maana kisigino kinamtaja mwenyewe. Bangili, funguo na simu vibaki kwa msindikizaji. Manukato nayo yatajwe kwenye tangazo. Anayejifukiza udi kila Ijumaa anajulikana mtaa mzima kabla hajafika mlangoni. Kwa mwenye gongo au kiti cha magurudumu, mkeka hautoshi, hivyo utaratibu mzuri ni kuwatoa majaji nje kila mara, wote wanaosailiwa wakiingia bila wao kuwaona. Utaratibu huo unachukua nusu dakika kwa mtu. Usifanye hivyo kwa mwenye gongo peke yake, kwa kuwa kutoka kwenyewe kutakuwa kumeshamtangaza.

Watu na namba

Unahitaji majaji 3 au 5, karani mmoja, msindikizaji mmoja na mpiga kinanda. Mpiga kinanda anakaa upande wa msailiwa na anamwona, kwa hiyo hatoi alama wala maoni, hata akiwa ndiye mwalimu wa kwaya. Hili huleta ubishi. Mwalimu akitaka kuwa jaji, atafutwe mtu mwingine wa kupiga kinanda.

Namba zisifuate mpangilio wa kujiandikisha. Weka karatasi zilizokunjwa kwenye kapu, kila mtu avute yake, karani aandike jina na namba kwenye daftari moja na kulitia kwenye bahasha iliyofungwa. Namba ya kwanza ina mkosi wake: uchunguzi wa matokeo ya miaka kadhaa ya mashindano ya Queen Elisabeth ya Ubelgiji ulionyesha kwamba wanaopiga mapema huelekea kupewa nafasi za chini kuliko wanaopiga baadaye. Majaji huwa bado hawajapata kipimo na wanabana alama. Mwite mwimbaji asiyesailiwa aimbe mwanzo, majaji wamwekee alama kama kawaida, kisha karatasi hizo zitupwe.

Msailiwa asiseme neno. Msindikizaji ndiye anayetangaza "Namba 7", na mwenye swali amnong'oneze yeye. Anayejisahau na kusema "Samahani, naanza upya" asiadhibiwe, lakini jaji aliyemtambua aandike herufi T kwenye karatasi yake. Karatasi mbili zenye T zikipatikana kwa namba moja, zihesabiwe peke yake na kulinganishwa na za majaji waliobaki.

Kuimba kwenyewe

Tenga dakika 7 au 8 kwa kila mtu, watu wasiozidi 6 kwa saa, na mapumziko ya dakika 10 kila saa. Alama ni 100.

Upana wa sauti: alama 5. Mpiga kinanda anaanza kwenye C ya kati kwa sauti za kike, okteva moja chini yake kwa za kiume, na msailiwa anaimba do-re-mi-fa-so kupanda na kushuka kwa silabi "nu". Kila mzunguko unapanda nusu toni, yaani kitufe kimoja cha kinanda, cheupe au cheusi, hadi sauti ianze kukwaruza, kisha unarudi chini. Andika noti ya juu na ya chini zilizotoka safi. Alama ni chache kwa makusudi, maana upana huongezeka kwa mazoezi, na besi mwenye noti kumi imara ana faida kuliko mwenye ishirini zinazoyumba. Silabi "nu" ina kazi nyingine pia: inaficha lafudhi.

Usikivu: alama 20. Kinanda kinapiga kifungu cha noti 4 hadi 6 mara moja tu, msailiwa anakirudisha kwa sauti. Vifungu ni vinne, alama 5 kila kimoja, na viwe vile vile kwa wote. Viandikwe kabla, visibuniwe papo hapo, la sivyo mpiga kinanda atajikuta anawapa wepesi anaowahurumia.

Mapigo: alama 10. Mipigo miwili ya makofi, mmoja wa nne kwa nne na mmoja wa sita kwa nane, irudishwe kama ilivyopigwa.

Ubeti: alama 25. Wimbo mmoja kwa wote, uliotangazwa siku 3 kabla, bila kinanda. Ukimwachia kila mtu achague wake, wimbo wenyewe utataja dhehebu, kabila na umri. Msailiwa apewe noti ya kuanzia, aimbe ubeti mzima, na akimaliza kinanda kigonge noti ile ile. Hapo ndipo inaonekana kama ameshuka ufunguo. Kushuka chini ya nusu toni kwa ubeti mmoja ni jambo la kawaida hata kwa wazoefu. Kushuka toni nzima ni dosari, ila inarekebishika kwa kufundishwa pumzi, kwa hiyo punguza alama 5 au 6 tu.

Kujifunza: alama 40. Hiki ndicho kipimo kinachofukua kipaji, na ndicho kamati nyingi hukiruka. Vipimo vya juu vinampendelea aliyewahi kufundishwa: aliyekulia kwaya ya Jumapili ana miaka kumi ya mazoezi mbele ya binti anayeimba akichota maji. Chukua mstari wa sauti ya pili wa mizani 8, ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Mpiga kinanda aupige mara mbili, msailiwa aujaribu. Hiyo ni awamu ya kwanza, na majaji wanaandika alama kati ya 20. Halafu mpiga kinanda amfundishe kwa dakika 2, akionyesha kwa vidole na noti pale anapoteleza, bila maneno. Kisha msailiwa auimbe tena huku kinanda kikipiga sauti ya kwanza juu yake. Awamu ya pili nayo ina alama 20.

Tazama tofauti kati ya awamu hizo. Anayetoka 17 kwenda 18 ni mwimbaji mzuri tayari. Anayetoka 6 kwenda 15 kwa dakika mbili ana sikio linaloshika haraka, na akipewa miezi mitatu ya mazoezi huenda akampita wa kwanza. Karani amtie alama ya nyota kila aliyepanda pointi 7 au zaidi, na kiti kimoja kati ya kila vitano kitengwe kwa ajili ya wenye nyota, hata kama jumla yao haikufika. Aliyebaki pale pale baada ya kufundishwa naye aangaliwe, mara nyingi ni woga tu. Koo lililokauka na mkono unaotetemeka havipimi muziki. Mpe maji na umrudishe mwishoni kwa namba mpya.

Yanayoharibika

Jaji mwenye cheo akiguna au kutikisa kichwa, wengine watamfuata bila kujua. Majaji wakae wakitazama pazia, wasitazamane, na alama ziandikwe na kukusanywa na karani kabla ya namba inayofuata kuitwa. Hakuna majadiliano hadi mwisho. Wakiwa majaji 5, karani aondoe alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha achukue wastani wa zilizobaki. Wakiwa 3, achukue ya katikati. Alama za majaji wawili zikiachana kwa zaidi ya 20, msailiwa arudi kwa namba nyingine.

Mvua kwenye mabati: simamisheni. Aliyeimba wakati wa mvua arudie, hata kama mnaona alifanya vizuri.

Hatari kubwa zaidi inakuja pazia likishaondolewa. Mwaka 1980 okestra ya Munich ilisaili wapigaji tromboni 33 nyuma ya pazia, na namba 16 akashinda. Alipojitokeza alikuwa Abbie Conant, mwanamke, ambaye barua ya mwaliko ilimwita "Bwana". Aliajiriwa, lakini baadaye akashushwa kwenye nafasi ya pili, na mvutano ule ukaishia mahakamani kwa miaka mingi. Kwenye kwaya zetu hali hiyo huja kwa upole: "sauti anayo, ila jukwaani hatapendeza," au "mama huyu amezeeka, vijana hawatamfuata." Kwa sababu hiyo, kabla ya siku ya usaili kamati iandike idadi ya viti, alama ya chini ya kupita na utaratibu wa nyota, wote watie saini. Majina yasomwe baada ya orodha ya namba zilizopita kubandikwa ukutani. Orodha ikishabandikwa kwa namba, kumwondoa mtu kunahitaji mtu asimame hadharani na kusema sababu, na wachache huthubutu.

Pazia lina mipaka yake. Halifichi jinsia, kwa kuwa sauti yenyewe inasema, na halimsaidii ambaye hakuja. Ukiandika kwenye tangazo "vijana watanashati wenye mvuto", umeshachuja watu kwa sura kabla hujanunua kitenge. Andika siku, saa, wimbo, na kwamba sare itatolewa na kikundi. Hilo la sare peke yake linawatoa wengi nyumbani. Pelekeni tangazo sokoni, kisimani na kwenye vibanda vya kusuka, lisibaki kwenye ubao wa kanisa au grupu la WhatsApp la wanakikundi.

Utaratibu huu unafaa pia kwa kazi za mikono. Kwa mafundi cherehani, kwa mfano, kila mmoja ashone zipu na mfuko wa suruali kwenye kitambaa cha aina moja, kipande kibandikwe namba, na msimamizi avikague bila kujua ni vya nani. Tofauti ni moja: hapa ukaguzi unaweza kurudiwa kesho yake, na inafaa kurudia, maana mshono unaopendeza jioni chini ya taa huonyesha mikunjo yake asubuhi.

Ambao hawakupita wapewe karatasi yenye alama kwa kila kipengele, si jumla peke yake. Namba 14 akiona kwamba ana 18 kati ya 20 za usikivu na 3 kati ya 10 za mapigo, atajua ni nini cha kufanyia kazi hadi usaili ujao. Karatasi za majaji zihifadhiwe na karani kwa mwaka mmoja, kwani watakuja kuziulizia.