Somo: Ukikutana na ndege aliyepotea njia, fanya hivi

Kaskazi inakaribia, na ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia wameshaanza kuingia Tanga. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mti wowote wa Raskazone unaweza kuwa na mgeni. Wengi ni wale wa kila mwaka. Somo hili linamhusu mwingine: ndege mdogo wa kuimba ambaye hakutakiwa kuwa huku kabisa.

Anapoteaje? Ndege wadogo wengi husafiri usiku, na makinda ya mwaka huo mara nyingi huenda bila wazazi. Mwelekeo wa safari wamezaliwa nao. Mwelekeo huo ukiwa na hitilafu, kinda hufuata upande wake kwa uaminifu na kufika pasipo na wenzake. Wapo wanaosukumwa na dhoruba, na wapo wanaodandia meli, kwa hiyo sisi wa mji wa bandari tuwe macho. Kunguru wetu hawa wasumbufu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 kwa mikono ya watu, lakini jamii hiyo hiyo imefika nchi nyingine kwa kupanda meli tu.

Hatua ya 1. Piga picha, hata mbovu. Tanga ni waja leo waondoka leo, na ndege hawa ndio hasa: aliyeshuka alfajiri anaweza kuondoka usiku uleule. Weka kamera ya simu kwenye jicho la darubini. Akiimba, rekodi sauti. Usimchezee sauti ya ndege mwenzake ili asogee; amechoka, unamchosha zaidi.

Hatua ya 2. Andika kabla hujampa jina. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukishasema "huyu ni fulani", macho huanza kuona yaliyomo kitabuni. Andika umbo la mdomo, mistari ya usoni, rangi ya bawa, kiuno, mkia na miguu. Ukubwa uulinganishe na shore au shomoro, maana "mdogo" haisemi kitu. Andika pia usichokiona: "tumbo sikuliona, alikuwa amenipa mgongo."

Saa iandike kama simu inavyoonyesha. Ukiandika "saa 1 asubuhi", msomaji wa nje atadhani ulikuwa porini usiku wa manane. Andika 07:00.

Hatua ya 3. Ondoa wa kawaida kwanza. Chukua mfano wa kurumbiza. Mwenye kichwa cheusi chote ni mwenyeji, yupo mwaka mzima. Wa manjano bila kichwa cheusi wapo wawili. Dume wa Ulaya na Asia ana weusi kati ya mdomo na jicho tu, na mabawa meusi. Huja Oktoba na kuondoka Aprili. Dume wa Kiafrika ana weusi unaopita jicho kwenda nyuma, na bawa lake lina manjano mengi. Pwani yetu humpata zaidi kuanzia Aprili hadi Agosti, akitoka kusini. Sasa ukinionyesha wa mabawa meusi mwezi Julai, hapo nitakaa sawa kwenye kiti. Uadimu si wa mahali tu, hata msimu unahesabika. Majike ni ya kijani na yanafanana mno. Usijitie ushujaa bila picha.

Hatua ya 4. Ita shahidi. Asikusikilize kwanza, aangalie, aandike ya kwake.

Hatua ya 5. Peleka taarifa. Tanzania Bird Atlas hupokea kumbukumbu za nchi nzima. Ukitumia eBird, programu ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani iliyoanza 2002, itakudai maelezo kwa ndege asiyetarajiwa. Usiandike "nina uhakika". Bandika yale ya hatua ya 2.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Pangani: Shikamoo mwalimu. Ndege akitoka Ulaya si tayari yuko mbali na kwao?

Marahaba. Umbali peke yake haumfanyi mpotevu. Yupo ndege mdogo ambaye jina lake la kisayansi ni Oenanthe oenanthe, mwenye kiuno cheupe, uzito wake gramu 25 hivi. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa wale wa Alaska huja Afrika Mashariki, takriban kilomita 14,500 kwa safari moja, na kurudi. Hiyo ndiyo ratiba yao.

Kutoka Chumbageni: Nitajuaje kuwa hakutoroka tunduni?

Tazama ncha za mkia na mabawa kama zimevunjika, na kucha kama zimerefuka kupita kiasi. Upole usikudanganye, kwani hata aliyechoka na safari hukuacha umsogelee. Wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa mnaowaona mjini asili yao ni kusini mwa Ziwa Viktoria na Serengeti. Hawakupotea, chanzo chao ni matundu ya watu. Si ndege wa kuimba, ila mfano wanafaa.

Kutoka Mwambani: Programu ya simu imeshanitajia jina. Haitoshi?

Haitoshi. Hiyo ni fununu, tena hukisia kwa kutazama ndege wanaojulikana eneo hilo. Mpotea njia ndiye hasa itakayemkosea.

Kutoka mwalo wa Deep Sea: Kaka, kindege kimoja kilitua kwenye dau letu tukiwa mbali na nchi. Tukifanyeje siku nyingine?

Kiacheni kivulini. Kikianguka, kiwekeni kwenye boksi lenye matundu, msikimiminie maji mdomoni. Mkifika, kiachieni kwenye vichaka vya karibu. Kukifuga hapana: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Na taarifa ikiandikwa, lazima iseme kilitua chomboni, mlikuwa wapi na upepo ulitoka upande gani. Mkikuta pete ya watafiti mguuni, pigeni picha namba yake pande zote.