Kukata hesi za bomba kwa jiliwa la miguu mitatu

Huku Mkomani, Lamu, vyombo vyangu hubebwa na punda, kwa hivyo jiliwa langu, yaani kibano cha kushikia bomba, ni la mnyororo, la miguu ya kukunja. Litegeshe mahali pakavu, penye sakafu sawa, usizibe njia ya watu.

Bomba la chuma la nusu inchi lilaze kwenye meno, ncha itokeze kama shibiri moja. Ikizidi, bomba litacheza na hesi, ile mifuo ya kuzunguka ya kuungia bomba, zitakwenda upande. Hapa ndipo uvujaji mwingi huanzia. Kaza mnyororo, kisha lijaribu bomba kwa spana: lisigeuke hata kidogo. Tia mafuta, vika kifaa cha kukatia hesi kwenye ncha, kizungushe mbele, rudi nyuma kidogo ili vipande vya chuma vikatike. Usiharakishe.

La plastiki livishe mpira kwanza, meno yasilikwaruze. Jioni futa mnyororo kwa mafuta. Chumvi ya bahari huula upesi.