Kuongeza bendi ya mita 6 kwenye programu ya spoti

Redio yangu ya ridhaa hapa Bugarika, Mwanza, ilikuwa inasikia megahezi 50.313 (bendi ya mita 6) safi kabisa, lakini ubao wa spoti, yaani taarifa fupi za kituo gani kimesikika kwenye masafa gani, hauna hata mstari mmoja wa mita 6. Nikalaumu intaneti, nikanunua bando jingine. Kumbe spoti zilikuwa zinafika, programu inazitupa kimyakimya kwa sababu jedwali lake la bendi linaishia mita 10.

Hatua ya 1. Nakili faili la jedwali kabla hujaligusa. Umeme ukikatika ukiwa unahifadhi, utanikumbuka.

Hatua ya 2. Fungua jedwali. Kwangu kila mstari una jina la bendi, mwanzo, mwisho na rangi. Chini ya mita 10 (28000,29700) ongeza:

6m,50000,54000,zambarau

Hapa ndipo tunapoteleza. Redio inaonyesha megahezi, klasta, yaani seva inayotusambazia spoti, inatuma kilohezi. Ukiandika 50,54 programu hailalamiki, inanyamaza tu kama sato aliyeshiba, maana 50313.0 haimo kati ya 50 na 54. Nimefika 54000 kwa sababu Wamarekani wanatumia mpaka huko. Kusoma spoti ni kusoma tu. Ukitaka kurusha, angalia kwanza leseni yako ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) inaruhusu nini.

Hatua ya 3. Kwenye orodha ya modi, FT8 (modi ya kidijitali ya ishara hafifu) iandike 50313 hadi 50316, si namba moja. Vituo hujipanga ndani ya kilohezi 3 hivi juu ya masafa ya daili, yale yanayoonekana kwenye redio.

Hatua ya 4. Kama klasta yako inatumia programu ya DXSpider na uliwahi kuiambia accept/spots on hf (nipe spoti za HF, masafa mafupi, tu), mita 6 zinazuiwa kabla hazijafika kwako. Tuma:

accept/spots 2 on 6m

Usiisahau hiyo 2. Bila yake amri mpya inakalia nafasi ya ile ya kwanza, na HF yote inapotea.

Funga programu, ufungue upya.

Maswali

Mdau wa Nansio: Shikamoo mwalimu. Nimefuata yote, ubao mtupu tangu asubuhi.

Marahaba. Huenda hujakosea popote. Mita 6 si mita 20, inaweza kulala siku nzima. Huku kwetu vizia kuanzia alasiri mpaka usiku, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, ishara zinapovuka ikweta ya sumaku kutoka upande wa Mediterania. Kwa sasa ilishe programu mstari wa kubuni wenye 50313.0 uone kama utatokea.

Mdau wa Musoma: Mbona spoti zote ni za saa tatu zilizopita?

Hiyo ni UTC, saa ya kimataifa, dada. 1630Z kwetu ni saa moja na nusu jioni. Ongeza saa 3 kwenye onyesho tu, saa ya kompyuta usiivuruge: FT8 inakwenda kwa vipindi vya sekunde 15, ikipotoka sekunde mbili tatu husomi kitu.

Mdau wa Kirumba: Antena yake ya dipoli nikate urefu gani? Nimepanga chumba, sina uwanja.

Sentimita 142 kila upande, anza na ndefu kidogo kisha upunguze. Inatosha hata barazani.

Mdau wa Kirumba: Na mita 4 je?

Mstari uleule, 70000,70500. Mimi nimeuweka tangu mwaka jana, sijaona spoti hata moja.